Kabla ya Kujenga, Tuachiane Njia

(Mazungumzo yaliyotolewa Dar es Salaam kwa niaba ya wapangamiji wazaliwa wa nyumbani, katika mkutano wa maandalizi ya harambee ya mwaka huu)



Tunashukuru kupewa nafasi hii. Kwa kawaida nafasi hii hupewa daktari, mwalimu au mhandisi wa maji, na haki yao. Daktari akisimama hapa anawaonyesha wodi mliyochangia. Mwalimu anawaonyesha maabara. Mhandisi anafungua bomba na kila mtu anapiga makofi. Sisi tuliosimama mbele yenu ni wapangamiji. Kazi yetu ikifanyika vizuri, kinachobaki kuonekana ni nafasi tu iliyoachwa wazi kati ya nyumba na nyumba. Leo tumekuja kuwaomba mchangie nafasi hiyo.

Sisi ni nani

Tuko tisa, wote wazaliwa wa vijiji vyetu. Baadhi yetu tunafanya kazi halmashauri, wengine kwenye makampuni binafsi, wawili wanafundisha, na mmoja amestaafu. Wengi wetu tulisoma Ardhi kabla hakijawa Chuo Kikuu mwaka 2007, wengine tulipita Chuo cha Mipango Dodoma. Wote ni wanachama wa chama cha wapangamiji wa mkoa wetu wa Kilimanjaro.

Tunaona vema tuseme mapema chama hicho ni nini, maana kila tunapofika na kofia zetu na karatasi zilizokunjwa, watu hufunga milango. Chama cha wapangamiji si ofisi ya serikali. Hakitoi hati, hakigawi viwanja na hakibomoi nyumba ya mtu. Ni umoja wa watu wa fani moja. Tunakaa pamoja kukagua michoro ya wenzetu kabla haijapelekwa kuidhinishwa, ili kosa lionekane kwenye karatasi lisije likaonekana kwenye shamba la mtu. Tunawafundisha wenyeviti wa vijiji na vitongoji kusoma ramani. Jumamosi moja kila mwezi tunakaa chini ya mti au kwenye ukumbi wa kanisa au msikiti, na yeyote mwenye swali la mpaka, njia au hati anakuja bila kulipa. Halmashauri inapoitisha wananchi kutoa maoni kuhusu mpango, tunakwenda na kusema, hata kama aliyechora ni rafiki yetu.

Na tunawaambia wananchi jambo moja dogo linalookoa fedha nyingi. Kwa sheria, mtu anayefanya kazi ya kupanga miji lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji. Akija mtu kijijini anasema ni mtaalamu, muulizeni namba yake ya usajili kabla hamjampa hata chai.

Kitanda kilichobebwa

Wengi wenu mnamkumbuka mzee wetu aliyetutoka Desemba ya mwaka juzi. Hatutamtaja jina, familia yake imo humu. Usiku alipozidiwa, vijana walipiga simu na gari likapatikana haraka kuliko tulivyotarajia. Likaacha lami, likapita senta, likashuka kwenye njia ya kwenda kwake, na hapo likasimama. Mbele yake kulikuwa na kuta mbili, moja kulia na moja kushoto, na kati yake nafasi ya kupita pikipiki. Dereva alikunja vioo vya pembeni akajaribu. Haikuwezekana.

Vijana walirudi nyumbani wakatoa kitanda, wakamlaza mzee wakambeba gizani, wakiteleza kwenye tope, wakipokezana, mpaka lilipo gari. Mzee alifika hospitali akiwa hai. Siku ya tatu akafariki. Hakuna daktari aliyesema kwamba dakika zile ndizo zilizomuua, na sisi hatusemi hivyo. Ila siku ya mazishi jeneza nalo lilishushwa pale pale kwenye kuta, likabebwa mabegani, na kila aliyekuwa nyuma ya jeneza aliziangalia zile kuta.

Sasa tuseme kilichotuleta hapa. Ukuta wa kushoto ni wa familia ya mmoja wetu sisi tisa. Ni mtu mwenye shahada ya mipango miji, anayelipwa mshahara kuwaambia watu wengine waache nafasi ya njia. Alijenga akiwa likizo ya Krismasi, fundi akamwambia weka hapa, akaweka hapo. Ukuta wa kulia ni wa mwanachama wa Chama hiki ambaye hajawahi kukosa harambee hata moja. Hakuna kati yao aliyevunja mpaka wa jirani. Kila mmoja alijenga ndani ya kihamba cha baba yake. Njia ilikufa katikati yao kwa sababu haikuwa ya mtu.

Ndugu zetu, hilo ndilo tatizo lote tunalotaka mlichangie. Shule ina kamati, zahanati ina mganga, bomba lina jumuiya ya watumia maji. Njia haina mwenyewe, kwa hiyo kila mtu anaila kidogo.

Tuliyoyaona hapa Dar

Tunaoishi mjini tunayajua haya kuliko walioko nyumbani, ila hatuyasemi tukifika nyumbani. Tunafika na michoro ya nyumba za kisasa, wala hatusemi kwamba huku tunakoishi gari la taka halifiki mlangoni.

Sehemu kubwa ya wakazi wa jiji hili wanaishi kwenye makazi yaliyojengwa kabla ya kupangwa. Jiji lilitengenezewa mpango kabambe mwaka 1949, ukaja wa 1968, ukaja wa 1979. Michoro ilikuwapo. Watu walikuja haraka kuliko viwanja vilivyopimwa, na mtu hawezi kulala kwenye foleni ya kiwanja, kwa hiyo akanunua kwa mwenye shamba, wakaandikishana mbele ya mjumbe, akajenga. Desemba 2011 mvua zilipojaza bonde la Msimbazi, baadhi ya ndugu zetu walikuwa kwenye mapaa ya nyumba. Waliohamishwa walipelekwa Mabwepande kuanza upya. Mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kuanzia Kimara, nyumba nyingi zilikwenda, na humu ndani wapo walioona kwa macho yao.

Lakini Dar hiyo hiyo ina mafunzo mengine. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza mradi wa viwanja 20,000. Waliopata Kibada, Bunju, Mbweni, Toangoma au Buyuni wanajua tofauti ya kujenga penye barabara iliyokwisha kuachwa. Na Hanna Nassif, pale Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi wenyewe walishika sururu wakachimba mifereji ya maji ya mvua na kutengeneza njia katika mtaa uliokwisha kujengeka. Iliwezekana, ila ilikuwa kazi ngumu, maana walikuwa wanatafuta nafasi katikati ya nyumba zilizokwisha simama.

Funzo tulilolipata sisi ni hili: nafasi ya njia ni rahisi kabla ya nyumba, ni ghali baada ya nyumba, na baada ya ghorofa haipatikani kabisa. Nyumbani bado tuko kwenye rahisi, lakini tunaelekea kwenye ghali.

Mlima hauongezeki

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu takriban 650,000 katika mkoa wetu. Ya 2012 ilihesabu zaidi ya milioni 1.6, na ya 2022 zaidi ya milioni 1.8. Mlima ni ule ule. Juu kuna hifadhi, chini kuna tambarare kavu, na katikati ndipo tulipo sote. Kihamba ambacho babu alimpa baba, baba amekigawa kwa wana watatu, na kila mwana anataka nyumba yake, geti lake na mahali pa kuegesha gari Desemba.

Senta yetu nayo haikupangwa na mtu. Ilianza na duka moja na kilinge cha mbege, ikaja mashine ya kusaga, ikaja stendi ya bodaboda, wakala wa fedha za simu, duka la dawa, vyumba vya wapangaji. Leo siku ya soko magari hayapishani. Soko lenyewe liko ukingoni mwa lami kwa sababu eneo lililokuwa la soko limebaki kipande.

Hata Chama hiki kimeonja. Mnakumbuka vyumba vya biashara tulivyovijenga kwa harambee, ili kodi yake isaidie wanafunzi yatima. Vilijengwa karibu na lami ili wateja waone. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Vyumba viwili vya mbele vikapigwa alama ya X. Hakuna aliyetuonea. Tulikusanya fedha, tukamtafuta fundi, tukanunua mabati, na katika vikao vyote hivyo hakuna aliyeuliza swali la futi kamba. Baadhi yetu tulikuwamo kwenye vikao hivyo.

Mchoro uliopita juu ya makaburi

Msidhani tunakuja kuwafundisha. Mara ya kwanza tulipojaribu kuipanga senta na njia zinazoizunguka, sisi wenyewe tuliharibu. Tulichora tukiwa Moshi mjini, mezani, juu ya picha ya anga. Mchoro ulikuwa mzuri: barabara zimenyooka, pembe ni za mraba, soko lina rangi yake na shule ina rangi yake. Tukaupeleka kijijini kwa majivuno kidogo.

Wazee waliuangalia muda mrefu. Mmoja akaweka kidole kwenye barabara iliyonyooka kuliko zote akauliza, "Hii barabara yenu inakwenda kumsalimia nani?" Ilikuwa inapita juu ya makaburi ya koo mbili. Nyingine ilikuwa inakata mfongo unaopeleka maji kwenye vihamba vya chini. Sisi, waliotuzaa wamelala kwenye vihamba hivyo hivyo, tulikuwa tumechora kama wageni.

Tuliukunja ule mchoro. Tukarudi Jumamosi tatu mfululizo, tukatembea na wazee, na mama zetu wanaojua njia kwa miguu yao, na vijana wa bodaboda wanaojua zilipozibwa. Tuligundua kwamba mpango ulikuwapo siku zote. Kulikuwa na njia za pamoja kati ya vihamba, zimepandwa masale pande zote mbili. Mama mmoja alituambia kipimo chake: mtu aliyejitwika mkungu wa ndizi apishane na mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe bila mmoja kuingia kwa watu. Hicho kilikuwa kiwango cha mipango miji cha kwetu, na hakikuhitaji kuchapishwa.

Ila nyakati zimebadilika. Sasa wanaotakiwa kupishana ni gari la wagonjwa na lori la tofali. Kwa hiyo mchoro mpya tulioufanya unafuata njia zile zile za zamani, na kinachoongezeka ni upana wake tu. Makaburi hayaguswi. Mifongo inapewa nafasi yake, na kwenye kingo za mito tunakumbushana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Tunajua kwetu, kwenye mabonde yaliyokaribiana, mita 60 zinakula kihamba kizima cha mtu. Hilo tutalizungumza nyumba kwa nyumba, wala si kwa tangazo la ukutani.

Hofu ya kunyang'anywa

Swali tunaloulizwa kila mkutano ni hili: mkiupanga huu utakuwa mji, na mji ukija si tutanyang'anywa vihamba? Hofu hiyo si ya bure. Wapo Watanzania ambao ardhi yao ilichukuliwa kwa mradi wakaisubiri fidia miaka. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, lakini haraka ya sheria na haraka ya mtu aliyekwisha kuhama ni vitu viwili.

Kwa hiyo tunachopendekeza kinabaki kwenye ardhi ya kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji mamlaka ya kupanga ardhi yake. Halmashauri ya Kijiji inaandaa, na Mkutano Mkuu wa Kijiji, maana yake baba, mama na kijana mwenye miaka 18, ndio unaokubali au kukataa. Kihamba kinabaki chini ya mila, na mwenye kihamba anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lake. Tunawasihi familia pia ziandike jina la mke pamoja na la mume, maana kwenye kliniki zetu za Jumamosi wajane ndio wengi.

Na tunasema wazi jambo ambalo mpango hauwezi kufanya. Hauwezi kurudisha kipande cha soko kilichokwisha kuuzwa. Hauwezi kuleta lami. Hauwezi kumaliza ugomvi wa ndugu wawili kama wao wenyewe hawataki uishe. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba siku lami ikija, siku bomba kubwa likija, siku umeme ukiongezwa nguzo, pana mahali pa kupita bila kumbomolea mtu.

Fedha zenu zitafanya nini

Sasa tufike kwenye mfuko. Sisi tisa tutafanya kazi yetu bila malipo. Ahadi hiyo imeandikwa na kusainiwa, iko kwa Katibu. Lakini yapo ambayo hayafanyiki bure.

Kwanza, mpima mwenye leseni na vijana wake. Mpangamiji anachora, mpima ndiye anayekwenda na vyombo na kuuhamishia mchoro ardhini. Pili, mawe ya mpaka, yaani zege, nondo na usafiri wa kuyafikisha kwenye miteremko yetu. Tatu, mikutano ya vitongoji: nakala za ramani kubwa zinazosomeka na mzee bila miwani, pamoja na chakula cha siku tunazokaa kutwa. Nne, mfuko mdogo wa kifuta jasho kwa familia ambayo njia itawaondolea choo, zizi au ukuta, ili asiwepo maskini aliyebeba mzigo wa wote.

Tunajua pia mlichokisikia kuhusu urasimishaji wa makazi sehemu mbalimbali: watu walichanga, makampuni mengine yakafanya kazi nusu, na wananchi mpaka leo wanashika risiti. Kwa sababu hiyo tumekubaliana na Kamati ya Chama kwamba fedha haitapita mikononi mwetu hata shilingi moja. Itakaa kwenye akaunti ya Chama. Itatoka kwa awamu nne: baada ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kukubali, baada ya mchoro kuidhinishwa, baada ya mawe kuwekwa, na ya mwisho baada ya kamati ya wakazi watano, wawili wao wanawake, kutembea njia zote na futi kamba na kuweka saini. Mawe yasipoonekana, fedha haitoki. Taarifa itachapishwa kwenye kijitabu cha mwakani, kama ilivyo desturi ya Chama hiki, hata kama taarifa yenyewe itakuwa ya aibu kwetu.

Kuchangia mita

Ndugu Mwenyekiti, tumeacha la mwisho makusudi.

Mkifungua kadi ya ahadi iliyomo katikati ya kijitabu hiki mtaona mistari miwili. Mstari wa kwanza mnaujua: jina, kiasi, tarehe ya kutimiza ahadi. Mstari wa pili ni mpya, na tuliomba Kamati ituruhusu. Unasema: "Naahidi kuachia njia, mita ......"

Hebu tupige hesabu pamoja. Njia nyingi za kwetu zina upana wa mita mbili. Ili gari la wagonjwa lipite na mtu asimame pembeni, tunahitaji mita tano. Zinapungua tatu. Kila upande ukitoa mita moja na nusu, zimetimia. Mwenye kihamba kinachopakana na njia kwa urefu wa mita 40 atakuwa ametoa mita za mraba 60. Ni safu ya migomba. Tunajua mgomba si kitu kidogo kwetu. Lakini safu hiyo ya migomba ndiyo itakayopitisha mgonjwa wako, mahari ya binti yako, tofali za mwanao, na siku moja ikupitishe na wewe kwa heshima hadi mlangoni kwako.

Yupo humu mtu ambaye mwaka huu mambo hayakumwendea vizuri. Amekuja kwa sababu anawapenda watu wake, lakini anaona haya kuinua mkono wakati wengine wanataja malaki na mamilioni. Kwake tunasema: mstari wa pili ni wako. Mita moja na nusu ya kihamba chako ni mchango mkubwa kuliko hundi, maana hundi inaweza kuandikwa na yeyote, lakini mita hiyo hakuna mwingine anayeweza kuitoa. Na kwa wale wenye uwezo tunasema hivi: msitoe fedha nyingi mstari wa kwanza na kuacha wa pili wazi. Fedha zenu zitanunua jiwe la mpaka, kisha jiwe lije likose mahali pa kusimama kwa sababu ya ukuta wenu.

Tunaomba pia wale wanaopanga kujenga Desemba hii, na tunajua ni wengi, wasubiri wiki moja tu. Pigeni simu kwa mmoja wetu. Tutakuja na kamba. Hatutakuja na sheria mkononi, tutakuja na kamba na mzee mmoja anayeikumbuka njia.

Kwetu sisi Wachagga jani la sale lina kazi mbili. Linapandwa mpakani, kila mtu ajue mwisho wake ni wapi. Na mtu akimkosea mwenzake, hulichukua na kwenda nalo kuomba msamaha, na aliyekosewa akilipokea, yameisha. Tangu tuanze kazi hii tumelifikiria sana hilo jani.

Wiki tatu zilizopita ukuta wa kushoto ulivunjwa na kusogezwa ndani mita moja na nusu. Mwenzetu alisimamia mwenyewe, na matofali mazima aliyapeleka shule ya msingi. Jioni yake sisi sote tisa tulikwenda kwa familia ya mzee wetu, tukiwa tumeshika masale. Hatukuwa na maneno mengi. Mama alitukaribisha ndani, akayapokea, akayaweka juu ya meza, akatuletea chai.

Ukuta wa kulia bado upo. Mwenye ukuta yumo humu ndani, ameketi na sisi, na ametupa ruhusa ya kuwaambia kwamba amechukua kadi ya ahadi na amekwisha jaza mstari wa kwanza. Wa pili anaufikiria. Tumwombee, na kila mmoja wetu auangalie mstari wake.